Mwache avute bukta mwenyewe: majibu kwa barua za wazazi na walezi

Barua nyingi za mwezi huu zina neno moja: hataki. Hataki kuvaa, hataki choo, hataki kula bila kulishwa. Katika nyingi tumemwona mtoto aliyebebeshwa kazi kubwa kwa mkupuo. Mtu mzima akisema "vaa nguo" anadhani ametaja jambo moja. Kwa mtoto wa miaka mitatu hayo ni mambo kumi na zaidi, na akikwama kwenye la pili hajui la tatu lianzie wapi. Ndiyo maana anakaa chini na kulia.

Mwanangu ana miaka mitatu na nusu. Gari la shule linapita saa 12:40 asubuhi. Nikimwambia avae anakaa tu na chupi, ananitazama. Mwishowe namvalisha kwa hasira na wote tunatoka nyumbani tumenuna. Nifanye nini? – Mama, Tanga

Kwanza, mama, acha kumfundisha asubuhi. Saa 12:20 si wakati wa somo. Ni wakati wa kutumia kile anachokiweza tayari. Mfundishe jioni baada ya kuoga, au Jumamosi, mnapokuwa na dakika kumi ambazo hazimsubiri mtu.

Anza na kuvua. Kuvua ni rahisi kuliko kuvaa, na mtoto anayejua kuvua bukta ameshajua mpira wa kiuno unashikwa wapi. Akishaweza, nenda kwenye kuvaa, lakini anzia mwisho. Mketishe kwenye kigoda kifupi, nyayo zikanyage sakafu. Mwingize mguu wa kwanza, kisha wa pili, pandisha bukta hadi chini kidogo ya kiuno, msimamishe, halafu mwachie yeye avute kipande kilichobaki. Kazi yake ni hiyo tu, na inaishia kwa yeye kuwa amevaa. Akiweza siku tatu mfululizo bila kusaidiwa, wewe ishia magotini, yeye avute kutoka hapo. Zikipita siku nyingine chache, wewe ingiza miguu tu. Mguu wa kwanza unakuja mwisho, kwa kuwa ndio mgumu: lazima aitambue mbele, afungue tundu kwa mikono miwili na kulenga kwa wakati mmoja. Tukianzia hapo, kama wengi tunavyofanya, mtoto anashindwa mlangoni na kila mara sisi ndio tunaomaliza.

Fulana ilaze kitandani, picha ikitazama chini na pindo la chini likiwa upande wake. Aingize mikono yote miwili kupitia pindo hadi itokee mikononi mwa fulana, ainue juu, kichwa kifuate. Ikilazwa hivyo picha itakaa kifuani bila yeye kufikiri. Kama analia kichwa kikikwama, angalia shingo ya fulana kabla ya kumlaumu. Shingo nyembamba hukunja masikio na kuyaumiza. Chagua yenye shingo inayovutika, au pasua mshono wa bega moja uweke vifungo viwili.

Shati la shule lina mashaka yake. Vifungo vianzie chini kwenda juu, kwa sababu cha chini anakiona na cha shingoni hakioni. Mfundishe mikono miwili yenye kazi mbili: mmoja unasukuma kifungo hadi nusu yake itokeze kwenye tundu, mwingine unakidaka na kukivuta. Kosa tunaloliona mara nyingi ni mtoto kuvuta kitambaa badala ya kuvuta kifungo. Tena sare mpya huwa na matundu magumu, hata mtu mzima hutumia nguvu. Pitisha kifungo mara ishirini wewe mwenyewe jioni moja, au mpelekee fundi aongeze tundu milimita mbili.

Kwa mazoezi, chukua vipande viwili vya jinzi kuukuu, shona vifungo vitano vya koti vyenye upana wa sentimita mbili hivi, toboa matundu, mpe achezee akiwa ameketi. Shule za Montessori zina fremu za vifungo kwa kazi hiyo hiyo. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Kiitaliano aliyeanzisha shule hizo, alianza na watoto wa mtaa wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, na fremu hizo zimebaki kwa sababu zinafanya kazi. Kipande chako cha jinzi kinatosha. Kifungo kinachofungwa juu ya meza ni rahisi kuliko kilichoko kifuani, basi aanze na meza.

Viatu: kata stika ya picha anayoipenda katikati, nusu ibandike ndani ya kiatu cha kushoto, nusu ndani ya cha kulia, kwenye kingo zinazogusana. Viatu vikipangwa sawa picha inaungana. Nunua vya mkanda wa kunata. Kamba zisubiri hadi miaka mitano au sita.

Usiku zipange nguo kwa mstari kwa namna zitakavyovaliwa: chupi, bukta, fulana ya ndani, shati, soksi. Asubuhi muamshe dakika 15 mapema, afanye anachokiweza, yaliyobaki uyamalize wewe bila maneno. Akifanikiwa, mtajie alichofanya: "Umeivuta mpaka kiunoni mwenyewe." Atalifahamu hilo vizuri kuliko "hongera" ya jumla.

Mjukuu wangu wa kike ana miaka mitatu, ameletwa kwangu kijijini kutoka mjini. Huko alikuwa anatumia choo cha kukaa. Hapa choo ni cha shimo na hataki hata kukisogelea, anazuia mpaka tumbo linauma. – Bibi, Morogoro

Shikamoo bibi. Mjukuu wako ana sababu. Tundu lililotobolewa kwa ajili ya mtu mzima ni pana kuliko mapaja yake yanavyoweza kutanuka bila kuyumba, kuna giza, kuna inzi, na pengine mtu alishamtania kwamba atatumbukia. Utani huo tunawaomba ndugu wote wauache kabisa. Hofu ya shimo huwafanya watoto wazuie choo kikubwa, kinakauka, kikitoka kinauma, na maumivu yanaongeza hofu. Huo ndio mduara unaouona.

Kwa hiyo shughulikia maumivu kwanza. Mpe maji mara kwa mara kutwa nzima, papai lililoiva, mboga za majani, maharage. Zikipita siku tatu hajapata choo, au ukiona damu, au tumbo limevimba, mpeleke kituo cha afya. Usimpe dawa ya kuharisha ya mtu mzima.

Kisha mtafutie poti. Ya plastiki ni nzuri. Ndoo ndogo ya rangi iliyooshwa vizuri na kukatwa ukingo pia hufaa, mradi haipinduki na ukingo hauchani ngozi. Zikipita dakika kama ishirini baada ya uji wa asubuhi, aikalie, maana utumbo huamka tumbo likipata chakula. Kukaa dakika tano kunatosha. Asipotoa kitu, ainuke, hakuna neno. Siku za kwanza poti iwe uani. Akizoea, isogee karibu na mlango wa choo, kisha ndani mlango ukiwa wazi na wewe umesimama hapo. Kila hatua ikae siku kadhaa. Akirudi nyuma, nanyi rudini hatua moja.

Wakati huo tengenezeni tundu lake. Ubao imara wenye unene wa sentimita mbili na nusu au zaidi, mpana kiasi cha kulifunika tundu kubwa na kuzidi sentimita 15 kila upande, utobolewe katikati tundu la sentimita 12 hadi 15. Pigilia vipande viwili vya mbao upande wa chini ili usiteleze. Mtu mzima aukanyage kwa uzito wake wote kwanza. Ukutani pigeni mti wa kushikia, kwenye usawa wa kifua chake akiwa amechuchumaa. Mti huu wengi huusahau, na ndio unaoondoa nusu ya woga. Hata hivyo asiingie peke yake mpaka afike miaka minne au zaidi, na usiku kamwe.

Kuchamba mfundishe mapema. Mtoto wa kike ajisafishe kutoka mbele kwenda nyuma, vinginevyo vijidudu vya haja kubwa hupelekwa kwenye njia ya mkojo. Mpe kopo la nusu lita lenye mkono, lijae nusu tu ili aweze kulishika kwa mkono mmoja. Mkono wake ni mfupi, hivyo wewe ndiye utakayemalizia kwa mwaka mzima au zaidi, na hilo ni la kawaida.

Jambo moja zaidi: kinyesi cha poti kitupwe chooni, poti ioshwe kwa sabuni. Wako wanaoamini kwamba cha mtoto hakina madhara. Kinabeba vijidudu vya kuhara sawa na cha mkubwa.

Ana miaka minne na bado anakojoa kitandani. Baba yake anataka achapwe. – Mama, Dodoma

Asichapwe. Kibofu kinachojaa usingizini hakimwamshi bado, na hilo halitokani na uvivu wala ukaidi. Watoto wengi wako hivyo hadi miaka mitano na zaidi. Akojoe kabla tu ya kulala, maji mengi anywe mchana badala ya usiku, weka plastiki chini ya shuka, asubuhi akusaidie kutoa shuka bila kuaibishwa mbele ya wenzake. Akiwa alishakauka miezi mingi kisha akaanza tena, au akiumia anapokojoa, au akinywa maji kupita kawaida, mwoneni daktari.

Kijana wetu anaingia PP1, mwaka wa kwanza wa shule ya awali, Januari. Dada wa nyumbani anampenda sana, anamvalisha, anamlisha, anamfungulia kila kitu. Tukimwambia amwache ajifanyie, anakubali, lakini kesho ni yale yale. – Baba, Nairobi

Mtazame dada kwa jicho lingine. Asubuhi ana chai ya kupika, vyombo, na mtoto wa kufikisha kwenye gari. Kijana akichelewa au akitoka na shati lililolowa maziwa, anayeulizwa ni nani? Kumfanyia mtoto kila kitu ndiyo njia yake ya kutokosea. Kwa hiyo nyinyi wazazi ndio mnaopaswa kumtua mzigo. Mwambieni waziwazi, mbele ya mtoto, kwamba shati likilowa au vifungo vikipishana hataulizwa. Na mheshimu neno hilo siku ya kwanza shati litakapolowa.

Kisha chagueni jambo moja kwa wiki. Kwa shule tungeanza na mkebe wa chakula na chupa ya maji, maana hapo mwalimu ana watoto wengi na mtoto asiyeweza kufungua hukaa na njaa akiona haya kusema. Weka chapati ndani, funga, mpe. Akishindwa mara tatu, badilisheni mkebe. Mingi inayouzwa ina vibano vinavyodai nguvu ya kidole gumba cha mtu mzima. Chupa ya kifuniko cha kuzungusha ifungeni kwa upole, si kwa nguvu zenu. Baada ya hapo ni sweta: kuvaa, kuvua na kuitundika. Pigeni misumari miwili ya kutundikia nyumbani, kwenye usawa wa bega lake. Mwisho ni kupenga kamasi na kusema "mwalimu, naomba kwenda choo" kwa sauti inayosikika. Mjifanye mwalimu, aseme. Watoto wengi hujikojolea darasani wakati kibofu kinafanya kazi vizuri na sentensi ndiyo iliyokosekana.

Wangu ana miaka miwili. Akishika kijiko wali wote uko mkekani. Na anapenda mkono wa kushoto, jambo ambalo mama mkwe hapendi. – Mama, Unguja

Wali wenye mchuzi mwepesi ndio chakula kigumu kuliko vyote kwa kijiko cha miaka miwili. Kifundo cha mkono hakijajua kugeuka na kutulia, hivyo kijiko kinainama njiani. Mpe kwanza vitu vinavyoshika kijiko: bokoboko, viazi au ndizi zilizopondwa, uji mzito. Bakuli liwe zito na lenye ukuta ulionyooka, ili chakula kikigonga ukuta kiingie kijikoni chenyewe. Sahani bapa inakisukuma nje. Kijiko kiwe kifupi, mpini mnene. Kikombe kisizidi robo, yaani mililita 50 hivi, uongeze kila akimaliza. Kikimwagika, mpe kitambaa apanguse pamoja nawe, bila kelele. Tonge dogo la ugali kwa vidole nalo ni somo zuri. Vidole hivyo hivyo ndivyo vitakavyofunga vifungo.

Ale ameketi, asikimbie na chakula mdomoni. Karanga nzima na korosho nzima zisubiri hadi miaka mitano. Humkaba mtoto kwa urahisi. Mpe zilizosagwa.

Kuhusu mkono: kwa miaka miwili wengi bado hawajachagua. Kula kwa kulia ni adabu ya nyumbani na ya dini, na inafundishika bila kofi. Weka kijiko upande wa kulia, mkabidhi mkononi hapo kila mara, basi. Lakini penseli, mkasi na vifungo mwachie mkono anaoutaka, hata akiwa mkubwa. Mama mkwe akielezwa kwamba sahani imelindwa, huenda akairuhusu penseli.

Nina watoto 70 wa awali na bomba liko mbali. Kunawa kumekuwa ni kuchovya mikono kwenye beseni moja. – Mwalimu, Singida

Beseni moja linagawa uchafu kwa wote. Jenga kibuyu chirizi, na kwa watoto 70 jenga vitatu ili foleni isiwakatishe tamaa. Kila kimoja kinataka dumu la lita tano, nguzo mbili zenye panda, mti wa kupitisha juu, kijiti cha kukanyagia na kamba. Chimba mashimo mawili yenye kina cha nusu mita, yaachane sentimita 70 hivi, simika nguzo. Pasha moto msumari mwembamba wa milimita mbili, toboa dumu sentimita 12 chini ya kifuniko. Toboa na kifuniko, pitisha kamba, funga fundo kwa ndani, upande wa pili ufunge kwenye kijiti cha kukanyagia. Pitisha mti katika mkono wa dumu na uuweke kwenye panda. Mtoto akikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Haligusi kwa mkono.

Nguzo ziwe fupi kuliko za watu wazima, ili maji yatoke kati ya kiuno na kifua cha mtoto. Yakitokea juu zaidi, yatatiririkia kwenye viwiko na nguo zitalowa. Sabuni ining'inizwe ndani ya soksi, na juu yake kopo la kuzuia mvua. Chini mwaga kokoto, pasiwe tope. Vinavyoharibika mara nyingi ni viwili: tundu lililotobolewa kubwa, dumu likaisha kabla ya mapumziko, na kamba fupi inayoliacha dumu limeinama muda wote. Kipande cha kamba kiongeze, dumu likae wima.

Wasugue viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na kucha kwa sekunde 20, wakihesabu pamoja taratibu. Weka viranja wawili wa maji kwa wiki, kila mtoto apate zamu. Anayesimamia dumu hasahau kunawa.

Wa miaka minne anapiga mswaki mwenyewe, nimwache? – Baba, Mwanza

Aanze yeye, umalizie wewe, mara mbili kwa siku, hadi kama miaka saba. Mkono wake hufika meno ya mbele na kuyasahau magego. Simama nyuma yake, kichwa chake kiegemee tumboni mwako, ndipo utaona ndani. Dawa yenye floridi iwe kiasi cha punje ya njegere. Kwa aliye chini ya miaka mitatu, chembe ya mchele. Ateme, asimeze.

Binti wa miaka mitano anang'ang'ania kufua na kutumwa dukani. Si mapema? – Mama, Mombasa

Kufua, mpe leo. Soksi zake mbili, beseni dogo, maji lita mbili, kipande cha sabuni ya mche kinachoenea kiganjani. Afundishwe kusugua kisigino cha soksi kwanza. Dawa ya madoa asiiguse, wala isihifadhiwe kwenye chupa ya soda. Akimaliza, maji yamwagwe papo hapo: kama yuko mdogo wake anayetambaa au anayeanza kutembea, sentimita tano za maji zinatosha kumzamisha.

Duka linategemea barabara. Mtoto wa umri huu hawezi kupima kasi ya bodaboda inayokuja. Uwezo huo hukomaa karibu na miaka kumi. Kama kuna barabara ya kuvuka, asitumwe peke yake. Kama duka liko ndani ya ua au kwenye kichochoro chenu, nenda naye mara tatu yeye akiwa mbele na wewe kimya nyuma. Aseme mwenyewe anachotaka. Mara ya nne kaa mlangoni umtazame kwenda na kurudi. Mtume kitu kimoja tu, chenye bei kamili bila chenji, kwa mfano mkate. Pesa ziwe kwenye kipochi kilichofungwa fundo kwenye kamba shingoni, maana mkononi atazipoteza akikutana na paka. Mwenye duka ajue kwamba binti anakuja, na kwamba akikosa kitu anachotafuta amrudishe nyumbani, asimtume duka la pili.